Tochi ya Doria na Saketi Yake: Somo kwa Mafundi na Walinzi wa Vijiji vya Mpakani

Malalamiko ya walinzi wa usiku kuhusu tochi zao yanafanana, uwe Lwakhakha, Malaba au Busia. Tochi huanza usiku kwa mwanga unaoumiza macho; ikifika saa nane imefifia; ikifika saa kumi mlinzi ameshika bomba la bati lisilo na kazi. Saa zile za mwisho kabla ya alfajiri, ambapo kijiji kimelala na walinzi wamechoka, ndizo ambazo mwanga unahitajika zaidi, na ndizo ambazo haupo. Wengi hulaumu betri, wengine hulaumu taa yenyewe. Kwa kawaida kosa liko mahali pa tatu ambapo mnunuzi hapaoni: saketi ndogo iliyo baina ya betri na taa, ambayo tutaiita kiendeshi, na ambayo mafundi wa sokoni huiita draiva.

Somo hili limekusudiwa mafundi wa redio na simu, vijana wa vyuo vya ufundi, na viongozi wa vikundi vya ulinzi wanaokabidhiwa fedha za wananchi kununua vifaa. Fundi mwenye chuma cha kulehemu, multimita na mkono uliotulia ataweza kuijenga saketi tunayoieleza. Kiongozi asiye fundi atakuwa na maswali ya kumwuliza muuzaji.

LED hutawaliwa kwa mkondo

Balbu ya zamani yenye uzi ilikuwa na uvumilivu. Ukiizidishia volti kidogo, uzi ulipata joto, ukinzani wake ukapanda, na mkondo ukazuiwa na joto lenyewe. LED ina tabia iliyo kinyume. Tuchukue LED kubwa nyeupe inayojulikana sana katika tochi, Cree XM-L2, ambayo imetengenezwa kuhimili hadi ampea 3. Chini ya volti 2.5 haitoi mwanga wa maana. Ikipewa karibu volti 2.9 hupitisha takriban ampea 0.7. Ikipewa volti 3.3 hivi hupitisha takriban ampea 3. Ongezeko la sehemu nne tu za kumi za volti limezidisha mkondo zaidi ya mara nne. Tena LED inapopata moto, volti inayoihitaji hushuka. Basi kwa volti ileile mkondo huongezeka, na mkondo ukiongezeka joto nalo huongezeka.

Upande wa pili kuna seli ya lithiamu ya aina ya 18650, jina linalotokana na vipimo vyake: kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ikijaa huwa na volti 4.2, sehemu kubwa ya kazi yake huifanya karibu na volti 3.7, na ikishuka hadi volti 3.0 imekwisha kwa matumizi ya kawaida. Volti ya betri, kwa hiyo, hutembea kutoka 4.2 hadi 3.0 katika usiku mmoja, ilhali LED haivumilii hata sehemu ya kumi ya volti kupita kiasi. Kazi yote ya kiendeshi ni kusimama baina ya wawili hawa na kuhakikisha kuwa mkondo unabaki uleule wakati volti inabadilika.

Anza na usiku wenyewe

Anayebuni tochi ya kuuza huanza na lumeni, kwa sababu namba kubwa juu ya boksi humvuta mnunuzi. Sisi tunaanza na usiku. Doria ya kijiji ikianza saa nne usiku na kumalizika saa kumi na moja alfajiri, ni saa saba. Seli moja nzuri ya miliampea-saa 2600 ndiyo akiba yote ya mlinzi. Swali la fundi ni hili: akiba hiyo igawanywe vipi?

Tochi inayokula ampea 2.8 mfululizo itaimaliza seli hiyo kwa muda usiozidi dakika 56. Tukipunguza hadi ampea 1.4, tunapata chini kidogo ya saa mbili. Tukipunguza hadi miliampea 350, tunapata saa saba na dakika chache. Hapo mtu atadhani jibu limepatikana, lakini akiwasha taa hiyo usiku kucha hatakuwa na chochote cha ziada siku atakapohitaji kumulika ng'ambo ya mto.

Mgawanyo tunaoupendekeza ni tofauti. Mwanga wa kutembea uwe wa miliampea 140, ambao kwa LED hii hutoa lumeni 60 hivi. Huo unatosha kuona njia, mtaro na uso wa mtu aliye hatua chache mbele. Hata ukiwashwa bila kuzimwa kwa saa zote saba, utakula miliampea-saa 980. Zinabaki 1620, ambazo kwa ampea 1.4 ni zaidi ya saa nzima ya mwanga mkali wa karibu lumeni 500. Hakuna doria ya kawaida inayohitaji saa nzima ya mwanga mkali. Katikati tunaweka ngazi ya miliampea 350 kwa ajili ya njia mbaya na usiku wa mvua.

Liko jambo jingine linalotetea mwanga mdogo. Macho ya binadamu huchukua kati ya dakika ishirini na thelathini kuzoea giza kikamilifu, na mwale mmoja mkali unaorudi kutoka kwenye ukuta mweupe huondoa mazoea hayo mara moja. Mlinzi anayewasha tochi kwa nguvu zote kila anaposikia mchakato huona vizuri ndani ya duara la mwanga wake, na haoni kitu nje yake. Tochi yetu, kwa hiyo, itaanza daima katika ngazi ya chini. Anayetaka mwanga mkali auombe kwa kubofya.

Njia za kuudhibiti mkondo

Njia ya kwanza ni kutokuwa na kiendeshi chochote: seli, swichi na LED. Tukichukulia kuwa waya, springi, swichi na seli yenyewe vina jumla ya ukinzani wa omu 0.2, seli iliyojaa itasukuma karibu ampea 4 ndani ya LED iliyotengenezewa 3. Kisha mwanga utashuka dakika hadi dakika pamoja na seli. Hii ndiyo saketi iliyomo ndani ya tochi nyingi za bei nafuu, isipokuwa kwamba seli zake ni dhaifu kiasi kwamba haziwezi hata kuiunguza LED.

Njia ya pili ni kuweka rezista. Hesabu yake kila fundi anaijua: volti inayozidi igawanywe kwa mkondo unaotakiwa. Kwa ampea 2 kutoka volti 4.2, LED ikihitaji volti 3.15, zinabaki 1.05, na rezista iwe ya takriban omu 0.525. Rezista hiyo itageuza wati 2.1 kuwa joto tupu. Na seli ikishuka hadi volti 3.6, mkondo utakuwa umeanguka hadi ampea 1.17 hivi, ikifika 3.3, ni robo tatu za ampea. Rezista humkinga mwenye LED, haimsaidii mwenye doria.

Njia ya tatu ni kutumia chipu inayodhibiti mkondo kwa mstari, yaani inayoongeza au kupunguza ukinzani wake yenyewe ili mkondo usibadilike. Chipu iliyoenea kwa kazi hii ni AMC7135. Ina miguu mitatu, ni ndogo kuliko punje ya mahindi, na kila moja huruhusu miliampea 350 hivi. Ukitaka zaidi, ziweke sambamba: nne hutoa ampea 1.4, nane hutoa 2.8. Inahitaji volti ya ziada ndogo sana, karibu 0.12, ili ifanye kazi. Kwa ampea 1.4 LED yetu inahitaji volti 3.03 hivi, tukiongeza sehemu ya chipu na upotevu wa springi na waya, mwanga utabaki uleule bila kupungua tangu seli ina volti 4.2 hadi inapokaribia 3.25. Mlinzi hataona tofauti kati ya saa tano usiku na saa tisa.

Gharama yake ni joto. Seli ikiwa imejaa, chipu nne kwa pamoja hupoteza wati 1.6, ikiwa na volti 3.7 hupoteza chini ya wati 1, na ufanisi wa saketi ni asilimia 82. Kiendeshi cha kukatakata umeme kwa koili kingeweza kupita asilimia 90, lakini kingehitaji koili, diodi, kapasita kubwa na mpangilio makini wa bodi, na faida yake kwa seli moja ni dakika chache tu. Hapa tunasimama upande wa saketi rahisi. Kifaa kitakachotengenezwa chini ya mwembe, na fundi ambaye huenda hakukijenga yeye, kisiwe na sehemu hata moja isiyo ya lazima.

Bodi ya tochi yetu

Chipu nne za AMC7135 pekee zinatosha kutoa mwanga mkali usiobadilika. Ili tupate ngazi tatu na onyo la betri, tunaongeza kidhibiti kidogo kinachoweza kuandikiwa programu. Tumechagua ATtiny13A: kina miguu minane, hufanya kazi kuanzia volti 1.8 hadi 5.5, na kimo katika bodi nyingi za tochi, hivyo huweza hata kuvunwa kutoka kwenye bodi iliyoharibika.

Mguu wa 8 hupokea umeme wa seli kupitia diodi ndogo ya Schottky, na mguu wa 4 huenda kwenye hasi. Diodi hii ndiyo mlinzi wa bodi siku mtu atakapoingiza seli kichwa chini gizani, jambo ambalo litatokea. Kwa kuwa mkondo wa kidhibiti ni mdogo, diodi hupoteza volti kidogo tu, na mkondo mkubwa wa LED haupiti humo. Karibu kabisa na miguu hiyo miwili, weka kapasita ya keramiki ya maikrofaradi 1 hadi 10. Bila hiyo kidhibiti huweza kujiwasha upya springi inapotikisika.

Mguu wa 6 uunganishwe na mguu wa kuwashia wa chipu moja ya AMC7135. Mguu wa 5 uunganishwe na miguu ya kuwashia ya chipu tatu zilizobaki. Hasi ya LED iende kwenye miguu ya kutolea ya chipu zote nne; chanya yake iende moja kwa moja kwenye chanya ya seli. Kwa mpangilio huu, ngazi ya kati ni chipu moja iliyowashwa muda wote, ngazi ya juu ni zote nne, na ngazi ya chini ni chipu moja inayowashwa na kuzimwa haraka ili iwake asilimia 40 ya muda. Kidhibiti kikienda kwa megahezi 4.8 na mtindo wa kuhesabu kwenda na kurudi, kuwaka na kuzima huko hutokea zaidi ya mara 9,000 kwa sekunde. Jicho haliwezi kukuona. Muhimu zaidi kwetu, mistari mieusi inayoharibu picha za simu chini ya taa zinazopepesa polepole haitaonekana, na picha iliyopigwa na mlinzi kwa ushahidi itakuwa na thamani yake.

Mguu wa 7 hupima seli kupitia rezista mbili: ya kilo-omu 22 kutoka chanya na ya kilo-omu 4.7 kwenda hasi. Seli ikiwa na volti 3.3, mguu huo hupata volti 0.581, ikiwa na 3.0, hupata 0.528. Kidhibiti hulinganisha namba hizo na volti yake ya ndani ya 1.1 na kusoma 540 na 491 kwa mpangilio huo. Tahadhari: hiyo volti ya ndani hutofautiana kati ya chipu na chipu, inaweza kuwa 1.0 au 1.2. Kwa hiyo usinakili namba zetu katika kila bodi. Ipe bodi volti 3.3 kutoka chanzo ulichokipima kwa multimita, isome namba inayotokea, na hiyo ndiyo iandikwe katika programu ya bodi hiyo.

Mguu wa 3 uwe na kapasita ya maikrofaradi 1 kwenda hasi. Tochi ikiwaka, programu huijaza. Mlinzi akibofya swichi kwa muda mfupi chini ya nusu sekunde, kapasita bado ina chaji kidhibiti kinapoamka, nacho hutambua kuwa ameomba ngazi inayofuata. Akizima na kukaa, chaji huvuja, na tochi huanza tena ngazi ya chini. Mguu wa 2 tunauachia kipima joto, ambacho tutakieleza. Kwa kuwa swichi ya nyuma hukata umeme wote, bodi hii haili chochote tochi ikiwa imezimwa.

Mambo yasiyopaswa kuwamo katika programu

Tochi nyingi za madukani zina ngazi tano: juu, kati, chini, mwanga wa kupepesa haraka, na ishara ya kuomba msaada. Ili mtu atoke kwenye juu na kurudi chini, hulazimika kupitia zile za kupepesa. Mahali pengine hilo ni kero tu. Mpakani ni hatari, na tunaliandika kwa uzito.

Pande zote mbili za mpaka kuna watu wanaotazama mianga ya usiku: walinzi wa vijiji, askari, wavuvi, na kadhalika wale wanaovusha bidhaa kwa njia zisizo halali. Mwanga unaopepesa kwenye ukingo wa mto husomwa kama ishara. Mlinzi aliyebofya kwa haraka ili apunguze mwanga wake anaweza kuonekana na askari wa ng'ambo kuwa anamwita mtu, na hana njia ya kulifuta aliloliandika gizani. Tena mtu aliyemulikwa usoni kwa mwanga wa kupepesa hawezi kuona aliyemsimamisha, hajui kama ni mlinzi au mnyang'anyi, na hatendi kwa utulivu. Dereva wa boda boda aliyepofushwa namna hiyo huweza kuwagonga walewale waliomsimamisha. Wako pia watu wenye kifafa ambao mwanga wa namna hii huweza kuwaamshia ugonjwa.

Faida kubwa ya kujijengea kiendeshi, kwa maoni yetu, ni hii kuliko lumeni zote: kwamba fundi anaweza kuacha mwanga wa kupepesa nje kabisa. Ngazi tatu, zikizunguka chini, kati, juu, kisha chini. Vikundi vinavyohitaji ishara za kuitana vikubaliane na afisa wa polisi jamii wa eneo lao na mwenyekiti wa LC, watumie filimbi au simu.

Betri inapoisha, programu isizime tochi ghafla. Seli ikifika volti 3.3 katika ngazi ya juu, kiendeshi kishuke hadi ngazi ya chini na kififize mwanga mara mbili kwa muda mfupi, kumjulisha mlinzi. Mara mkondo unapopungua, volti ya seli itapanda tena kidogo, maana haibebi tena mzigo mzito. Programu isidanganyike ikarudi juu, bali ikumbuke kuwa imeshashuka. Ikifika volti 3.0, mwanga ushuke hadi asilimia 5 ya chipu moja, ambao kwa miliampea 17 hivi utamfikisha mtu nyumbani. Ikifika 2.8, izime, kwa kuwa kuendelea ni kuiharibu seli.

Joto

LED hugeuza sehemu kubwa ya umeme wake kuwa joto, si mwanga. Kwa ampea 1.4 LED yetu hula zaidi ya wati 4, na zaidi ya nusu yake lazima itoke kupitia chuma cha tochi. LED ilehemiwe juu ya kibamba cha shaba, kibamba kipakwe mafuta ya kupitishia joto kwa safu nyembamba, kisha kikazwe kwa skrubu juu ya sakafu nene ya alumini iliyoungana na bomba. Gundi ya kawaida haifai. Huzuia joto badala ya kulipitisha. Vivyo hivyo bodi ya kiendeshi ilehemiwe kwenye pete yake kuzunguka pande zote, si kwa nukta mbili, kwani chipu za AMC7135 nazo zinapoza joto lao humo.

Kipima joto cha mguu wa 2 ni rezista ya NTC ya kilo-omu 10, iliyounganishwa na rezista nyingine ya kilo-omu 10 na kugandamizwa karibu na LED. Kwa aina iliyo ya kawaida, ikifika nyuzi 55 ukinzani wake huwa takriban kilo-omu 3. Programu iupime mguu huu kwa kulinganisha na umeme wa kidhibiti chenyewe, si na ile volti ya ndani, ili usomaji usibadilike seli inapopungua. Utapata namba karibu na 235. Hapo mwanga wa juu upunguzwe hadi chipu mbili, kwa kuziwasha zile tatu kwa theluthi ya muda pamoja na moja.

Rangi ya mwanga

Ununuapo LED utaulizwa rangi. Nyeupe yenye ubuluu, ya kelvini 6500, huonekana kali zaidi, na wengi huichagua. Sisi tunapendelea ya kelvini 4000 hadi 5000, yenye uaminifu wa rangi wa 80 au zaidi. Mwanga wa buluu hurudi machoni katika ukungu wa miteremko ya Elgon na kandokando ya mito. Liko pia suala la ushahidi. Shahidi huulizwa shati lilikuwa la rangi gani. Chini ya mwanga hafifu wa rangi, kahawia na nyekundu hukaribiana, kijani na buluu huchanganyikana, na mtu asiye na hatia huweza kutajwa kwa sababu ya shati.

Seli

Seli ya kweli ya 18650 hubeba kati ya miliampea-saa 2000 na 3600 hivi, na huwa na uzito wa takriban gramu 45 hadi 48. Zile zilizoandikwa 9900 zinasema uongo ulioandikwa kwa wino. Ukiipima kwa mizani ya sonara ukapata gramu 30, usiinunue. Seli zilizovunwa kutoka betri za kompyuta huweza kuwa nzuri sana, ila zilizokutwa chini ya volti 2 zisifufuliwe: ndani yake huenda kumeshaanza uharibifu unaoleta moto siku ya kuchaji. Chaja izime ifikapo volti 4.2, na seli zichajiwe juu ya saruji au kigae, mbali na godoro na pazia, mtu akiwapo macho. Tochi yetu imebuniwa kwa seli moja makusudi. Seli mbili zisizolingana zikifungwa mfululizo ndani ya bomba lililozibwa, iliyo dhaifu huweza kulazimishwa kupita mwisho wake na kupasuka mkononi.

Taa ya kizuizi au ya kituo

Wengine watapenda taa isiyobebwa, inayolishwa na betri ya volti 12 ya sola au ya pikipiki. Hapo njia ya mstari haifai kabisa, kwa kuwa ingechoma zaidi ya inachotoa. Tumia chipu ya kukatakata kama PT4115, inayopokea volti 6 hadi 30 na kutoa hadi ampea 1.2. Mkondo wake huwekwa na rezista moja: gawanya 0.1 kwa omu zake. Rezista ya omu 0.15 hutoa ampea 0.67. LED tatu mfululizo zitahitaji volti 8.7 hivi, jumla wati 5.8, na betri itatoa karibu nusu ampea. Usiku wetu wa saa kumi na mbili utakula takriban ampea-saa 6. Betri ya risasi isishushwe chini ya nusu, hivyo ya ampea-saa 7 haitoshi, chukua ya 17 au 18.

Kupima kabla ya kukabidhi

Multimita ikiwekwa katika njia ya mkondo mkubwa huongeza ukinzani wa waya zake na kukudanganya. Badala yake, weka rezista ya omu 0.1 mfululizo na LED, tumia seli iliyojaa, na pima volti juu ya rezista: volti 0.14 maana yake ni ampea 1.4, na 0.035 ni miliampea 350. Ngazi ya chini isomeke karibu na 0.014. Kisha ondoa rezista, washa mwanga mkali kwa dakika kumi na shika kichwa cha tochi: kikibaki baridi ilhali mwanga ni mkali, usifurahi, kwa maana joto halitoki ndani. Geuza seli kichwa chini kwa sekunde chache. Tochi isiwake, na ikirudishwa iwake kama kawaida.

Mwisho, iache iwake ngazi ya chini kwa saa saba juu ya meza, kisha uiwashe ngazi ya juu hadi ishuke yenyewe, ukiandika volti ya seli kila nusu saa. Iliyoshuka karibu na 3.3 na kuzima karibu na 2.8 inafaa kukabidhiwa. Iandike tarehe na kipimo cha seli kwa kalamu isiyofutika ndani ya kifuniko cha nyuma, na seli ya akiba itiwe katika kisanduku chake cha plastiki, isichanganywe na funguo wala sarafu mfukoni.